Udongo wa Ukingoni

Machi 3
Nelson ameniletea shajara hii kutoka duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi. Ina picha ya makopo ya rangi kwenye jalada. Eti, "Mama, unaongea sana, siku nyingine andika." Haya, mwanangu, naandika. Mvua bado. Mlima uko wazi mpaka kileleni, na mimi mbegu ziko ndani zinaliwa na panya.

Machi 5
Catherine, yule binti wa chuo, amekuja tena. Mwaka jana alichota udongo wa bustani yangu, akaupeleka kupima, akarudi na habari kwamba una madini ya risasi. Nikamwambia, mimi risasi naijua ya bunduki. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Sumu imetoka pale juu, kwenye kipande cha shemeji yangu Daniel, kaka wa marehemu mume wangu. Aliwapangisha watu wa kuvunja betri za magari, wakawa wanavunja na kuyeyusha, moshi unatushukia sisi wa chini tukiwa tunaanua nguo. Walishaondoka. Wamebakiza ukuta mweusi kule kwake na sumu huku kwangu. Tangu nipewe majibu yale sijauza hata fungu moja la mchicha, wala hapa nyumbani hakuna anayegusa mboga ya bustani. Tunanunua soko la Kilombero. Mimi Eunike, niliyelisha nusu ya Kimandolu sukuma wiki, leo nanunua mchicha umelala!

Basi leo binti kaja na dawa, na dawa yenyewe ni mkaa. Maganda ya kahawa wameyachoma kwenye pipa lililofunikwa, wakachanganya na mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa, kama ile iliyomo kwenye vichujio vya maji tulivyopewa ili watoto wasiote meno ya kahawia kama haya yangu. Tunauchimbia kwenye matuta, nusu ya bustani. Nusu nyingine inaachwa ilivyo, ili wapime tofauti.

"Kwa hiyo mkaa unaitoa sumu?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Sumu inabaki humo humo. Mkaa unaishika tu, mizizi isiichukue."

"Inaishika mpaka lini?"

"Muda mrefu."

"Mrefu ni mpaka lini?"

"Hilo ndilo tunajifunza, mama."

Nimempenda kwa jibu hilo. Wametutoa damu wote watatu, mimi, Nelson na mke wake Nosim, kwa sababu Nosim ni mjamzito na Catherine anasema risasi ikiwa kwa mama inapita mpaka kwa mtoto. Huyo ni mjukuu wangu wa kwanza. Nimemwambia binti, nipimie kila kitu, hata kuku ukitaka.

Machi 8
Nimwandike mkwe wangu. Nosim ni Mwarusha, mimi sikumchagua. Nelson alimleta mwaka jana, wakafunga ndoa kanisani, nikavaa kitenge kipya na uso wangu nikauvalisha pia. Si mbaya. Ila haongei. Anaingia jikoni kwangu kama mgeni anayetafuta choo. Mtori wake wa ndizi una mabonge, nimemwonyesha jinsi ya kuuponda, akasema "ndiyo mama," kesho yake mabonge yale yale. Mchana analala. Najua ana mimba, lakini mimi nikiwa na mimba ya Nelson nilibeba mikungu ya ndizi mpaka sokoni.

Machi 11
Leo nimemfumania. Nimeingia jikoni, akaficha kitu kwenye pindo la kanga, akashtuka mpaka sufuria ikaanguka. Nikasema toa. Akatoa vipande viwili vya udongo, vile vinavyouzwa sokoni, huku anaangalia chini kama mwizi.

Nimecheka mpaka nikakaa. Jamani! Kumbe na yeye! Nikamwambia, Nosim, mimi mimba ya Nelson nusura nile ukuta. Naye akacheka, akajifunika mdomo. Ndiyo mara ya kwanza kuona meno yake akiwa na mimi.

Nikamwambia asinunue tena ule wa sokoni, umeshikwa na kila mkono, unapigwa na vumbi la pikipiki. Mama mkwe wangu, marehemu Elirehema, Mungu amrehemu, alinichimbia mwenyewe pale ukingoni, chini ya masale, ile mimea tuliyopanda kuwa mpaka wa shamba. Nilikuwa nimekaa naye muda mrefu bila kujua kama ananipenda. Siku aliponiletea ule udongo kwenye ungo, umekaushwa vizuri, ndipo nikajua mimi ni wa nyumba hii.

Nosim akauliza, "Mama, si walisema udongo wa hapa una sumu?"

Nikamwambia, bustani ndiyo yenye sumu, kwa sababu ni ya kumwagilia na maji yanapita kule kwa Daniel. Ukingoni hapajalimwa tangu enzi za wazee, hapajawahi kumwagiwa hata kopo. Ni pasafi kuliko sokoni. Akaamini. Nikamwambia pia kliniki asiseme, manesi wakisikia unakula udongo wanakufokea mbele za watu.

Nimechukua jembe, nimechimba.

Machi 13
Nimeukausha kwenye dari ya jikoni, juu ya moto, ushike moshi kidogo. Hapo ndipo unapokuwa mtamu. Nosim amekula kipande akafumba macho.

Machi 16, Jumapili
Kwaya imeimba vizuri, sauti ya pili imetuangusha kama kawaida. Jioni matone.

Machi 19
Lerionka ameleta magunia ya mkaa wa mifupa. Huyu ndiye anayemchomea Catherine, anaishi Engutoto, mifupa anaokota machinjioni. Mrefu, mweusi kwa masizi mpaka kope. Nikamtania kwamba Waarusha walianza kwa kula ng'ombe wetu, sasa wanatuuzia mifupa. Akajibu, "Na ninyi Wameru mlikuwa mnatuibia ndizi, mama Nelson, tumenyamaza." Akasemezana na Nosim Kimaasai pale uani, na mkwe wangu akaongea! Akaongea na mikono! Kumbe ana maneno tele, ni mimi tu nilikuwa sijampa nafasi.

Tumechimbia mkaa wote isipokuwa magunia mawili ya akiba, nimeyaweka stoo. Mikono imekuwa myeusi, haitoki kwa sabuni.

Machi 24
Majibu ya damu. Sote tuna risasi kidogo. Ya Nosim Catherine aliisoma mara mbili. Si ya kutisha, akasema, lakini isipande. Mboga ya bustani isiliwe, mikono ioshwe, viatu vya shambani visiingie ndani. Atapima tena mwezi wa tano. Nimemwapia kwamba mkwe wangu hataonja hata jani.

Machi 27
Mvua. Mvua kwelikweli, siyo ya kutania. Nimewahi ukingoni asubuhi kuchimba udongo wa wiki nzima kabla haujalowa.

Machi 28
Mvua.

Machi 31
Mvua. Nimesia mchicha na mnafu matuta yote, yenye mkaa na yasiyo na mkaa. Nimeoshea viatu nje.

Aprili 6, Jumapili
Hatukwenda kanisani, barabara imekuwa mto. Tumekaa jikoni mimi na Nosim tunamenya ndizi. Ameniambia habari za mama yake, kwamba alijifungua watoto saba na wawili hawakukaa. Anaogopa. Ana wasiwasi kwamba damu yao haishiki watoto. Nikamwambia, huyu atakaa, huyu ana bibi mkorofi. Akacheka. Baadaye akaniomba kisu, akasema, "Yeyo, nipe hicho."

Yeyo ni mama kwa lugha yao. Sijamwambia Nelson. Nimekaa nalo mwenyewe siku nzima.

Aprili 9
Mvua. Udongo umeisha, nimechimba mwingine. Nimepita juu juu tu na jembe, chini umekuwa mzito kwa maji.

Aprili 14
Mchicha umeota. Wa kwenye mkaa una majani mapana, umepita matumaini yangu. Nosim kichwa kinamuuma, na tumbo linamkaza. Kliniki wamesema damu yake imepungua, wakampa vidonge. Mimi nimemwongezea udongo. Mama mkwe alisema una nguvu ya damu, na mimi ulinituliza.

Aprili 18, Ijumaa Kuu
Daniel amekuja kunywa chai baada ya ibada. Nilikuwa nimejizuia tangu mwaka jana, leo nimeshindwa. Nikamwambia shemeji, ulikula kodi ya watu wa betri, sisi tukala moshi. Akasema hakujua. Nikamwambia hakuna aliyekukataza kuuliza! Ule moshi mweusi ulidhani wanachoma nini, mahindi? Ameacha chai nusu, ameondoka. Nelson amenikasirikia. Nosim alikuja nyuma yangu akanishika bega.

Aprili 20, Pasaka
Tumechinja jogoo. Daniel hakuja.

Aprili 25
Nosim miguu imevimba. Nimechimba.

Aprili 30
Nataka kuandika kwa herufi kubwa! Catherine alichuma majani wiki mbili zilizopita, leo kaleta majibu. Mboga ya kwenye mkaa risasi imeshuka sana, karibu na ile inayoruhusiwa. Ile isiyo na mkaa iko kama mwaka jana. Amenikumbatia na koti lake la mvua, tumelowana wote wawili. Anasema mvua ikiisha watapima tena, ikibaki hivyo nitaruhusiwa kuuza. Nimeenda kuangalia matuta yale nikasema asante, nimeuambia mkaa kabisa, kwa sauti. Lerionka alikuwepo, akasema, "Mama Nelson sasa anaongea na mifupa."

Mjukuu wangu atakula mboga ya bibi yake.

Mei 6
Wametutoa damu tena. Nosim ametoa mkono akageuza uso ukutani. Amekonda mikono, amevimba miguu.

Mei 8
Mvua imepungua. Kichwa chake bado.

Mei 13
Sijui nianzie wapi. Nianzie pale Catherine alipokataa chai.

Alikaa sebuleni na karatasi tatu. Akasema, "Mama, yako imeshuka. Ya kaka Nelson imeshuka." Akageuza karatasi ya tatu. "Ya dada Nosim imepanda, imepanda vibaya. Lazima aende hospitali leo."

Nelson akasimama. Mimi nikasema haiwezekani, wamechanganya chupa. Catherine akasema wamepima mara mbili. Akamgeukia Nosim, akamuuliza kwa upole anakula nini, anatumia nini, kipodozi, dawa ya kienyeji, chochote. Nosim akaangalia sakafu. "Nakula wanachokula wao," akasema.

Basi mimi na ulimi wangu! Nikamrukia. Nikamwambia, umekula mchicha wa bustani kisirisiri! Nilikukataza, ukachuma mimi nikiwa kanisani! Akasema, "Hapana, yeyo." Nikasema basi ni nini? Ni nini kama si mboga? Nikamlaumu na Nelson kwa makopo yake ya rangi, nikataka mswaki upimwe, vyungu vipimwe, maji yapimwe. Nilikuwa nataka mtu. Nilitaka apatikane mtu, nimkamate.

Nikamburuta Catherine mpaka jikoni aone kila kitu. Akaangalia sufuria, akaangalia vikombe, akaandika. Halafu akainua macho.

"Na kule juu ya dari mnakausha nini, mama?"

"Udongo tu," nikasema.

Halafu nikasikia nilichosema.

Catherine hakupiga kelele. Aliteremsha ungo, akashika kipande kimoja, akauliza umechimbwa wapi. Nikamwonyesha kwa kidole kupitia dirishani. Masale yale yanaonekana kutoka jikoni, na nyuma yake, hatua chache tu, ule ukuta mweusi wa watu wa betri. Nimeuona ukuta ule kila siku, na kila nilipochimba nimeupa mgongo.

Akanieleza, na huku anafuta macho kwa mkono wa koti. Bustani angalau nimekuwa nikiilima na kuigeuza, sumu ikachanganyika na udongo wa chini. Pale ukingoni hapakuguswa. Moshi ulianguka pale, vumbi likakaa pale, juu juu, miaka yote. "Pale ndipo ilipokaa yote, mama." Mimi nilipaona pasafi kwa sababu hapajaguswa. Enzi za mama mkwe wangu pale juu palikuwa na migomba tu.

"Mkaa ungeishika?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Mkaa unazuia mizizi, mama. Hauwezi kuzuia mdomo." Akasema tena, "Sikuuliza. Niliuliza mboga, maji, vyombo. Mimi mwenyewe dada yangu alikula udongo, na sikuuliza."

Nelson ametoka kutafuta gari. Nikabaki na Nosim, anafunga nguo kwenye begi. Nikamuuliza kwa nini hakusema, nimemtukana mbele za watu na alikuwa na jibu mdomoni.

"Uliniambia nisiseme," akasema.

Mei 14
Amelazwa. Presha iko juu. Wamenikataza kukaa.

Mei 15
Catherine amepeleka udongo wa ukingoni kupimwa. Nimemwambia asiniletee majibu. Akasema sawa. Nikamwambia niletee.

Mei 16
Ameniletea. Siandiki.

Mei 18, Jumapili
Nimekwenda hospitali na mtori, nimeuponda mwenyewe, laini. Nosim amekula vijiko viwili. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikaanza na habari za mvua, nikaendelea na habari za mvua mpaka kengele ikalia wageni tutoke. Mimi, ninayeongea sana.

Mei 21
Amejifungua leo mchana, kabla ya siku zake. Msichana. Amepumua mwenyewe kidogo, kisha wakamsaidia. Nimemwona kupitia kioo. Ana nywele nyingi za Kiarusha na masikio ya Nelson. Mchungaji amekuja wodini kumbatiza, nesi kashika bakuli. Wamempa jina la mama mkwe wangu, Elirehema. Nelson ndiye aliyechagua, ndivyo tunavyofanya, mtoto wa kwanza anachukua upande wa baba.

Mei 22
Yupo. Ameshika kidole cha baba yake.

Mei 23
Elirehema amefariki leo asubuhi.

Mei 25, Jumapili
Niandike ya jana, nisije nikayasahau vibaya.

Tulikaa sebuleni kuzungumzia azikwe wapi. Daniel ndiye mkubwa wa ukoo, akasema mtoto wa nyumba hii halazwi kwa watu, atalazwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya bibi aliyemwachia jina. Ndivyo ilivyo kwetu, hakuna wa kubishana. Wazee wakaitikia.

Nosim alikuwa ameketi kwenye mkeka, kajifunika shuka. Tangu hospitali alikuwa hajatoa neno. Akasema, "Udongo ule ulishampata akiwa tumboni. Haumpati tena."

Mtu hawezi kumwambia mzazi wa siku tatu kwamba amekosea. Nelson akasema basi tumpeleke makaburi ya mjini. Mzee mmoja akasema mtoto akilala huko atakuwa hana kwao. Nosim akasema afadhali. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini nilijua akitoka mlangoni na maiti ya mtoto yule harudi tena humu ndani.

Mimi ndiye niliyekuwa sina haki ya kusema, na ndiye niliyesema. Nikasema kuna magunia mawili stoo.

Hawakunielewa. Nikainuka nikaenda kuyaburuta mwenyewe. Lerionka alikuwa uani na waombolezaji, akaja kunipokea, akaelewa bila kuambiwa. Nikarudi nikapiga magoti mbele ya mkwe wangu, mbele ya wazee wa ukoo, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Nikamwambia, nitamtandikia. Chini, pembeni na juu. Hatagusa udongo wetu hata kidogo.

Alinitazama, akasema, "Weka mwingi."

Daniel alichimba. Hakumwachia kijana yeyote jembe, alichimba mwenyewe na uzee wake, jasho na machozi vinamtoka, na sikumchukia tena. Alikula kodi bila kuuliza na mimi nimechimba bila kuuliza, tofauti yetu iko wapi? Kaburi lilikuwa dogo, halikumchosha. Nikashuka mimi. Lerionka ananipa mkaa kwa karai, mimi nautandaza kwa mikono, naubana kwenye kuta za kaburi kama mtu anayekandika nyumba. Gunia la kwanza likaisha. Kitenge changu cha kanisani kikawa cheusi chote.

Catherine alikuwa amesimama pembeni, macho yamevimba. Nikamwita nikiwa mle chini. "Unatosha?"

Yule binti, ambaye kila nikimuuliza jambo hujibu kwamba bado wanajifunza, akaniangalia, akamwangalia Nosim.

"Unatosha, mama," akasema.

Tukamshusha. Sanduku lilikuwa jepesi mno. Gunia la pili nikammwagia juu taratibu, ndipo udongo ukafuata. Mchungaji alipofika kwenye maneno ya mavumbini, akasimama kidogo, akayasema chini chini.

Mei 27
Nosim amekwenda kwa mama yake, Ngaramtoni. Aliniaga. Alisema, "Kwaheri mama." Mama, si yeyo.

Juni 1, Jumapili
Jua. Mvua imekwisha kweli. Sikwenda kwaya.

Juni 4
Kwetu ukimkosea mtu kosa lisilolipika unachuma jani la sale, unampelekea. Akiliona jani hawezi kukataa kusamehe, hata kama moyo haujataka. Leo nilikwenda ukingoni, nimesimama mbele ya masale yale na mkono nimeunyoosha. Yameota mle mle nilimochimba, ya kijani kibichi, mazuri.

Sikuchuma. Jani halikataliwi, ndiyo maana. Sitaki msamaha ambao hana jinsi ya kuninyima.

Juni 9
Wamepima mboga mara ya mwisho. Yenye mkaa inafaa kuliwa, inafaa hata kuuzwa. Catherine alinisomea karatasi kama anasoma tanzia. Chuo kitakuja kupiga picha matuta yangu. Nikamwambia vizuri, mwanangu, umefanya kazi nzuri, na ni kweli amefanya. Nikachuma fungu moja, nikalipika kwa nyanya na kitunguu. Nelson akala. Mimi nimeweka mdomoni, imekataa kwenda.

Juni 12
Nosim amekuja leo asubuhi na Lerionka amemsindikiza. Nilidhani anafuata nguo zake zilizobaki. Aliamkia, nikaitikia, akaenda moja kwa moja kaburini, akakaa huko. Nilimwona kupitia dirishani, amevunja majani mabichi ya nyasi, ameyashika mkononi namna Waarusha wanavyoshika wakitaka amani. Sikuthubutu kwenda.

Baadaye akaingia jikoni. Hakuingia kama mgeni. Aliweka zile nyasi juu ya meza, mbele yangu, akavuta kigoda, akapanda, akateremsha ule ungo kutoka darini. Nilikuwa sijaugusa tangu siku ile. Vile vipande vya mwisho nilivyomkaushia bado vilikuwemo, vimeshika moshi vizuri.

"Yeyo," akasema, "huu niutupe wapi?"

Nikatazama nje. Nikatazama bustani, nikatazama migomba, nikatazama ukingo na kaburi na chini mpaka kijitoni ambako watu wanachota. Shamba lote hili, nililolijua kwa kisigino tangu niolewe, sikuona mahali pa kumwonyesha.

Nikampokea ungo. Ametoka kuchota maji ya chai, namsikia nje anamwita Lerionka aje anywe. Mimi bado ninao mapajani.